Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Kampuni Inayotupatia Intaneti: Kichujio cha Barua Taka Kisifanye Kazi Gizani

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni inayotupatia huduma ya intaneti na barua pepe,
Dar es Salaam.

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, wateja wenzangu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KICHUJIO KINACHOMEZA BARUA ZA KAZI NA KUPITISHA ZA MATAPELI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni wakala wa forodha. Ofisi yetu ina watu watano, ipo Kurasini, si mbali na bandari, na kazi yetu ni kuwatolea watu mizigo: tunapokea hati za shehena, ankara, vyeti vya asili ya bidhaa na taarifa za meli kuwasili, tunaziingiza kwenye mfumo wa forodha, tunasimamia malipo ya kodi na kumkabidhi mteja mzigo wake. Karibu karatasi zote hizo siku hizi zinakuja kwa barua pepe, na barua pepe yetu inapita kwenye seva zenu. Tulijiunga nanyi mwaka 2011, miaka miwili tu baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na tangu wakati huo anwani yenye kikoa chetu cha .co.tz, mnayotutunzia ninyi, ndiyo iliyoandikwa kwenye muhuri wetu, kwenye kadi zetu na kwenye fomu za kila mteja tuliyewahi kumhudumia.

Naandika hadharani baada ya njia za faragha kushindikana. Tumepiga simu huduma kwa wateja na kupewa namba za malalamiko ambazo bado ninazo daftarini. Tumefika kaunta yenu mara mbili. Tumeleta barua rasmi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele yangu, na jibu pekee tulilopata, kwa simu, ni kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Sijaitaja kampuni yenu kwa jina, kwa kuwa nia yangu si kuwachafulia biashara. Ninyi mnajijua, na nimezungumza na wateja wa kampuni nyingine wanaoyapitia haya haya, kwa hiyo nao wanaweza kuwasomea wakuu wao barua hii.

Niruhusuni kueleza yaliyotupata, maana bila hayo mtadhani nalalamikia matangazo ya dawa za kupunguza unene.

Mwezi Machi mwaka jana kontena la futi 20 la vipuri vya mashine za kusaga nafaka lilishushwa bandarini. Wakala wa meli alitutumia taarifa ya kuwasili, kama anavyofanya siku zote. Haikutufikia. Haikuwa kwenye sanduku la barua, haikuwa kwenye folda nyingine yoyote, wala yeye hakurudishiwa ujumbe wa kumwambia kwamba imekwama. Sisi tukakaa tukidhani meli imechelewa, yeye akakaa akidhani tumezembea, na siku za kuhifadhi mzigo bure zikaisha. Tulipokuja kujua, baada ya mwenye mzigo kupiga simu kuuliza, tozo za kuhifadhi zilikuwa zimeshalimbikizwa, na kwa kuwa mwenye mzigo hakuwa na kosa lolote, tulizilipa kutoka mfukoni mwetu.

Wiki ile ile, barua nyingine ilitufikia bila kizuizi. Ilionekana kutoka kwa muuzaji wa Guangzhou ambaye tumefanya naye kazi miaka mingi, ikitaja oda halisi ya mteja wetu, na ikieleza kwa lugha ya adabu kwamba akaunti yao ya benki imebadilika na malipo yaliyobaki yaelekezwe kwenye akaunti mpya. Karani wetu aliokoa fedha za mteja kwa sababu ana mazoea ya kumpigia mtu simu kabla ya kugusa jambo la fedha. Fundi kompyuta tuliyemlipa alifungua vichwa vya barua ile, yaani maelezo yaliyofichika ya njia iliyopitia, na kutuonyesha kwamba ilikuwa imetumwa na seva isiyohusiana kabisa na muuzaji, na kwamba muuzaji mwenyewe alikuwa ameshatangaza, mahali ambapo seva yoyote duniani inaweza kusoma, kuwa barua za namna hiyo zikataliwe. Seva yenu haikuuliza.

Miezi minne baadaye kijana mmoja wa huduma kwa wateja, ambaye namshukuru kwa kutuambia ukweli, alitueleza kwamba kumbe mna kichujio, kwamba kiliwashwa bila wateja kutangaziwa, na kwamba barua inayotiliwa shaka kupita kiwango fulani hufutwa hapo hapo. Ndivyo tulivyojua ilikokwenda taarifa ya meli.

Ndugu Mkurugenzi, mimi si mpinzani wa vichujio. Naandika kwa sababu naamini kwamba kichujio cha mtoa huduma ni silaha ambayo hakuna mteja mdogo anayeweza kujitengenezea mwenyewe, na inaniuma kuona ikitumika vibaya kiasi hiki. Barua taka ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Tarehe 3 Mei 1978 ofisa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo moja la kompyuta kwa watu takriban 400 wa mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, na malalamiko yakaanza siku hiyo. Miaka minne baadaye, Agosti 1982, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Jon Postel, alipoandika itifaki ya SMTP, yaani kanuni za seva kukabidhiana barua, ambayo barua pepe zinaitumia mpaka leo, mtandao ulikuwa bado wa watafiti waliofahamiana, kwa hiyo haikuwekwa njia ya kumdai mtumaji kitambulisho. Anayeandika jina la mtumaji ni mtumaji mwenyewe, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Tangu hapo ulinzi wote umekuwa wa kuongezwa baadaye, na mahali panapofaa kuuongeza ni kwenye lango, kwenu.

Sababu yake ni rahisi. Barua moja ya utapeli ikinifikia mimi peke yangu, kompyuta yangu haina cha kuilinganisha nayo. Barua hiyo hiyo ikigonga masanduku ya maelfu ya wateja wenu ndani ya dakika kumi, kutoka kwenye seva ambayo jana haikuwa imewahi kuandika barua hata moja, ninyi mnaliona jambo hilo waziwazi, na ni ninyi tu mnaoliona. Tena mnaweza kuizuia kabla haijala bando la mteja. Kichujio kilichowekwa kwenye kompyuta yangu kinafanya kazi baada ya taka kushushwa. Kwa wateja wenu wanaosoma barua kwa simu wakiwa Mbinga au Kasulu, hiyo maana yake wamekwisha kulipia kuletewa uchafu.

Baada ya kusema hayo, hoja zangu ni hizi.

1. Mnafuta barua mliyokwisha kuipokea, na hamumwambii mtu yeyote.

Hili ndilo kubwa, na ndilo lililotuumiza. Seva mbili zinapokabidhiana barua kuna mazungumzo mafupi kati yao, na mwishoni seva inayopokea hutamka namba 250, yaani nimepokea na sasa dhamana ni yangu. Waraka unaoongoza itifaki hii, RFC 5321 wa Oktoba 2008, unaeleza wazi kwamba seva ikishatamka hivyo imechukua wajibu wa kuifikisha barua au kutoa taarifa kwamba imeshindikana, na hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu nyepesi. Waraka huo unakubali kwamba barua inaweza kutupwa kimya, lakini pale tu panapokuwa na uhakika mkubwa kwamba ni ya ulaghai mzito. Taarifa ya meli kuwasili, kutoka kwa mtumaji aliyetuandikia mamia ya barua kwa miaka zaidi ya kumi, haikaribii hata kidogo kiwango hicho. Mlichokifanya ni sawa na karani wa posta anayepokea kifurushi dirishani, anakigonga muhuri, anampa mtu risiti, kisha anakitupa jalalani.

Njia sahihi zipo mbili, na zote zinajulikana kwa mafundi wenu. Ya kwanza ni kuikataa barua wakati mazungumzo yanaendelea, kwa namba 550, kabla hamjapokea dhamana. Mtumaji wa kweli atarudishiwa ujumbe na seva yake mwenyewe na atapiga simu, tapeli hatajali. Njia hiyo pia inaepusha kosa jingine, la kupokea kwanza na kurudisha baadaye, ambalo huwamwagia ujumbe wa kurudishwa watu wasio na hatia ambao majina yao yalighushiwa. Ya pili ni kuiweka barua yenye shaka kwenye folda ya pembeni ambayo mteja anaweza kuifungua. Lau wakala wa meli angepata 550 moja, kontena lile lingetoka kwa wakati.

2. Hamuulizi kitambulisho ambacho mtumaji amekitoa.

Kasoro ya mwaka 1982 imeshapata dawa, si kamili lakini nzuri. SPF, iliyochapishwa mwaka 2006, inamwezesha mwenye kikoa kutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. DKIM, ya mwaka 2007, inaweka saini kwenye barua ili ijulikane kama imechezewa njiani. DMARC, iliyochapishwa Machi 2015, inaunganisha hizo mbili na kumruhusu mwenye kikoa kusema cha kufanya na barua isiyofaulu: iachwe, iwekwe pembeni, au ikataliwe. Muuzaji wa Guangzhou alikuwa amefanya yote matatu, na alikuwa amechagua neno la mwisho, kukataa. Kusoma tangazo hilo kunahitaji swali moja kwa mfumo wa majina ya vikoa, swali ambalo jibu lake hurudi kufumba na kufumbua.

Upande wa pili wa jambo hili ni vikoa vyetu wenyewe. Ninyi ndio mnaotunza rekodi za kikoa chetu, na fundi wetu alikuta hakuna hata mstari mmoja wa SPF. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai watumaji wote wawe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma barua kwa wingi (kwa Google, kuanzia 5,000 kwa siku) wawe na vyote viwili pamoja na DMARC. Barua zetu halali zinaingia kwenye folda za taka za wateja wetu kwa sababu hatuna kitambulisho, na tapeli anaweza kuandika kwa jina letu kwa sababu hiyo hiyo. Nilipouliza, niliambiwa huduma hiyo haipo kwenye kifurushi chetu.

3. Mteja hana mlango wa kuzungumza na kichujio, na kichujio hakijui Kiswahili.

Vichujio vingi vinapima barua kwa alama: kila dalili mbaya inaongeza kiasi fulani, na jumla ikifika kizingiti barua inahesabiwa kuwa taka. Katika SpamAssassin, programu huria iliyoanza mwaka 2001 na ambayo hutumika sana duniani, kizingiti cha kuanzia ni alama 5. Sehemu ya alama hizo hutokana na kujifunza: programu inasoma rundo la barua njema na rundo la barua taka, inahesabu kila neno linaonekana mara ngapi upande upi, kisha inakadiria barua mpya inafanana na rundo lipi. Ni njia yenye nguvu, lakini inajua kile tu ilichofundishwa.

Sasa fikirini kichujio kilichofundishwa kwa Kiingereza kinapokutana na barua yetu ya kawaida. Maneno kama mzigo, ankara, malipo, hati na bandari hakiyajui kabisa, kwa hiyo hayasaidii kuitetea barua. Kinachobaki kuonekana ni kiambatisho, tarakimu nyingi, jina la benki na herufi kubwa kwenye kichwa cha habari. Wapo hata mafundi wanaowasha kipengele kinachoongeza alama za taka kwa barua iliyoandikwa kwa lugha isiyo kwenye orodha waliyoiweka, na wasipokumbuka kuandika Kiswahili kwenye orodha hiyo, lugha ya taifa inageuka kuwa dalili ya uhalifu ndani ya nchi yake yenyewe. Sijui kama ndivyo mlivyoweka, kwa kuwa hamjibu, lakini taarifa ya meli iliyopotea ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, na barua ya tapeli ilikuwa ya Kiingereza safi.

Upande mwingine, kichujio hicho hicho hakiwezi kumtambua tapeli wa nyumbani. Kila Mtanzania mwenye simu anaijua ile sentensi ya kuambiwa fedha itumwe kwenye namba hii badala ya ile, na mtoto wa shule ataitambua bila kuelekezwa. Sentensi hiyo sasa inakuja kwa barua pepe pia, ikiwa imevaa suti, na inapita kwa sababu hakuna aliyeifundisha mashine. Kwenye simu tumepewa namba 15040 ya kuripoti matapeli, na watu wanaitumia. Kwenye barua pepe yenu hakuna kitufe cha kusema hii ni taka, wala cha kusema hii si taka, wala mahali pa kuandika kwamba fulani ni mtu wangu, barua zake zipite. Kila mteja anayebonyeza vitufe hivyo angekuwa anakifundisha kichujio chenu Kiswahili cha bandarini, cha hospitali na cha sokoni, bure, kila siku.

4. Taka zinatoka kwenu pia.

Mara mbili mwaka jana barua zetu kwenda Rotterdam zilirudi, zikieleza kwamba anwani ya seva iliyozituma imo kwenye orodha ya wasumbufu. Orodha kama zile za Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, husomwa na seva nyingi kabla ya kukubali barua, na anwani haiingii humo bila sababu: mara nyingi ni kompyuta ya mteja mmoja iliyoambukizwa virusi ikamwaga maelfu ya barua usiku kucha kupitia anwani mnayotugawia wote. Wengine wote tunaadhibiwa pamoja naye.

Tiba yake ni ya zamani. Mteja wa kawaida hana haja ya kuzungumza na seva za dunia moja kwa moja kupitia mlango namba 25, njia ambayo seva hutumia kupelekeana barua. Anatakiwa kukabidhi barua kwenye seva yenu kupitia mlango namba 587, kwa jina na nenosiri, ili ijulikane ni nani anayetuma na kwa wingi gani. Watoa huduma wa Japani walianza kufunga mlango namba 25 kwa wateja wa kawaida kuanzia mwaka 2005. Ombi jingine ni dogo zaidi: anwani ya abuse, ambayo waraka wa RFC 2142 wa mwaka 1997 unaitaja kuwa mahali pa kupokelea malalamiko ya namna hii, iwe na mtu anayeisoma. Fundi wetu aliiandikia. Ilirudi ikisema sanduku limejaa.

5. Mkataba hausemi neno.

Nimeusoma wote. Hakuna mahali panapoeleza kwamba barua zetu zinapimwa na mashine, kwa vigezo gani, au zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, tarehe 1 Mei 2023, sidhani kama ukimya huo unatetewa.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia kaunta.

Mtasema kwamba kampuni haiwezi kuchungulia barua za wateja. Lakini tayari mnazipima na kuzifuta. Tena sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji kusoma barua: anwani ya seva inayobisha hodi, rekodi ya SPF, idadi ya barua kwa dakika, vyote vinajulikana kabla bahasha haijafunguliwa. Panapobaki haja ya kupima maandishi, mweleze mteja, na mruhusu anayekataa asipimiwe.

Mtasema kwamba kila kichujio hukosea. Ni kweli, na ndiyo maana nataka kosa lirekebishike. Mwishoni mwa mwaka 2004 kampuni ya Verizon nchini Marekani, katika kupambana na taka, ilizuia barua nyingi halali kutoka Ulaya, na wateja wake wakaipeleka mahakamani. Sisi wa Afrika tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo, kwa kuwa wapo waendesha seva wa mbali wanaozuia anwani za nchi nzima za bara letu kwa uvivu tu. Kinachogeuza kosa kuwa hasara ni kukosekana kwa folda ya kulionea na mtu wa kumwambia.

Mtasema gharama. SpamAssassin ni ya bure, Rspamd, programu nyingine ya kuchuja taka, ni ya bure, rekodi za SPF ni mistari ya maandishi. Kinachohitajika ni fundi mmoja mwenye muda na mamlaka ya kushughulikia jambo hili kila siku, na mnacho cha kumlipa, kwa sababu tunawalipa kila mwezi.

Mtasema kwamba wahalifu wako nje ya nchi na kwamba hilo ni la Serikali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, inagusa utumaji wa barua zisizoombwa kwa nia ya uhalifu na ughushi wa vichwa vyake, na ni vizuri kwamba ipo. Hata hivyo askari wa Dar es Salaam hawezi kumkamata mtu asiyejulikana yuko bara gani, ilhali watoa huduma wenye mabomba ya intaneti wanaweza kumfungia. Tarehe 11 Novemba 2008 kampuni zilizokuwa zikiiunganisha McColo ya California, kampuni iliyohifadhi seva za watuma taka, na mtandao wa dunia zilipokata laini zake, wingi wa barua taka duniani ulishuka kwa zaidi ya nusu kwa muda. Hakuna mahakama iliyotoa amri siku hiyo.

Na mtasema, kama mlivyoniambia kwa mdomo, kwamba tungeweza kuhamia huduma za bure za nje. Jibu hilo limenisikitisha kuliko mengine yote. Tulichagua kikoa cha nchi yetu na kampuni iliyo mtaa wa pili kwa sababu tuliamini kwamba likitokea tatizo tutakuwa na mlango wa kubisha. Wenzetu wengi wameshahama. Sisi tumebaki, na tunaomba kubaki huko kuwe na maana.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kuanzia wiki hii, kufuta barua kimya kimya kukome, na kila barua inayotiliwa shaka ikataliwe mlangoni kwa taarifa au iwekwe kwenye folda ambayo mteja anaiona kwa siku zisizopungua 30. Ndani ya siku 30, seva zenu zianze kusoma na kuheshimu SPF, DKIM na DMARC za watumaji, na kila mteja mwenye kikoa kwenu awekewe rekodi zake bila malipo ya ziada. Ndani ya siku 90, pawepo vitufe vya taka na si taka, orodha ya watu ambao mteja anawaamini, na kichujio kinachofundishwa kwa barua za Kiswahili za wateja waliokubali. Mlango namba 25 ufungwe kwa wateja wa kawaida baada ya kutangaziwa na kuelekezwa namna ya kuhamia 587. Na anwani ya abuse ipate mtu wa kuijibu. Mwisho, mtoe maelezo ya maandishi, kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, ya jinsi kichujio chenu kinavyofanya kazi.

Kuhusu tozo za kontena lile, sidai kulipwa kupitia barua hii. Hilo lina namba yake ya malalamiko, na nakala za risiti mnazo. Ninachodai ni orodha ya barua zote zilizoelekezwa kwenye kikoa chetu zikafutwa na kichujio tangu kilipowashwa: mtumaji, tarehe na kichwa cha habari. Kumbukumbu za seva huwa na taarifa hizo kama hazijafutwa nazo. Wapo watu waliotuandikia tukawa kimya, na ningependa kuwapigia simu.

Nitakuwepo ofisini kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Niko tayari kuja na fundi wetu pamoja na vichwa vya barua tulizozitunza, kukaa na mafundi wenu kwa muda wowote mtakaoupanga. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 30 nitapeleka lalamiko hili TCRA kwa utaratibu uliowekwa, pamoja na namba zote za malalamiko tulizopewa.

Naomba kuwasilisha.

Mteja wenu tangu mwaka 2011,
Wakala wa forodha, Kurasini,
Dar es Salaam.